Commodore 64: taa inawaka lakini skrini ni nyeusi, naomba ushauri wa kung'oa PLA

Beziki_Mpya (mleta mada)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninayo kompyuta ya Commodore 64 ya kasha lile la zamani la kahawia, na imegoma. Taa nyekundu inawaka, lakini skrini inabaki nyeusi tii. Ukingo wa samawati na neno READY havitokei kabisa. Nimesoma sana kuhusu tatizo hili, na karibu kila mahali chipu ya PLA (ile inayochagua ni chipu ipi isomwe wakati gani) ndiyo inayotajwa, kwa hiyo nimeshaagiza nyingine. Ninachoomba ni namna salama ya kuing'oa ile ya zamani bila kuharibu njia za shaba za bodi, kwa kuwa imelehemiwa moja kwa moja, haina soketi. Nina chuma cha kulehemia na pampu ya kunyonyea risasi. Tafadhali nisaidieni, kwani mashine hii naipenda mno na sipati usingizi kwa hofu ya kuipoteza.

Kaseti_na_Diski

Ndugu, mimi ningeiacha bodi hiyo ipumzike. Programu ya VICE inaiiga Commodore 64 vizuri sana kwenye kompyuta ya kisasa, na humo utaandika Beziki yako (lugha ya programu ya mashine hii) bila kushika chuma cha moto. Mashine hizi zilitoka mwaka 1982 na uundaji wake ukakoma mwaka 1994. Kila VIC-II (chipu ya picha) au SID (chipu ya sauti) inayoungua mikononi mwa mtu mwenye haraka haitarudi, nasi tuliobaki nazo tuna wajibu wa kuzitunza.

Fundi_Mkongwe

Yangu nayo iliwahi kuwaka taa huku skrini ikiwa nyeusi, na chanzo kilikuwa fyuzi. Pawa saplai ya mashine hii hutoa umeme wa aina mbili: volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu. Taa hutegemea zile volti 5 peke yake, ilhali saketi ya saa katika bodi za zamani hupata umeme wake kutokana na zile volti 9, kwa hiyo fyuzi ikikatika taa itaendelea kuwaka kama kawaida ingawa prosesa haina mapigo ya kufanyia kazi. Kioo cha fyuzi yangu kilikuwa safi na waya wake ulionekana mzima. Ni multimita iliyonionyesha kwamba umekatika. Ipime kwanza. Halafu utueleze unatumia pawa saplai gani, na mara ya mwisho mashine ilizimika katika hali gani.

Beziki_Mpya

Fyuzi nimeipima, ni nzima. Pawa saplai ni ile iliyokuja na mashine. Naomba turudi kwenye swali langu la PLA.

Mama_Saketi

Hatuwezi kurudi huko kabla hujajibu sehemu ya pili. Kompyuta iliyolala kabatini ikaamka mbovu si sawa na iliyozimika ikiwa kazini. Yako ilizimikaje?

Beziki_Mpya

Ilikuwa ikifanya kazi. Iliwaka vizuri, ikaonyesha baiti 38911 za Beziki, nikaanza kuandika programu fupi. Baadaye herufi zikaanza kubadilika zenyewe, kisha skrini nzima ikajaa alama zisizoeleweka. Pawa saplai ilikuwa ya moto hata haishikiki. Nilizima, nikasubiri ipoe, na nilipowasha tena nikakuta giza.

Niseme pia kwamba PLA nimeshaikata miguu 14 ya upande mmoja kwa koleo dogo. Nimefanya hivyo kwa makusudi: chipu iliyokufa haina thamani, na kukata mguu mmoja mmoja kunailinda bodi kuliko kuipasha joto miguu yote 28 ili chipu itoke nzima.

Mama_Saketi

Kuhusu kuilinda bodi sina ubishi nawe, njia hiyo inakubalika. Lakini nani alikuthibitishia kwamba imekufa? Ndani ya pawa saplai za zamani kuna kidhibiti cha volti kilichofukiwa kwenye gundi ngumu isiyopitisha joto vizuri. Kikichakaa, zile volti 5 hupanda, na chipu za kumbukumbu huwa miongoni mwa za kwanza kuungua. Herufi kubadilika zenyewe ndiyo dalili ninayoitarajia hapo. Chomoa plagi kwenye kompyuta, upime kati ya pini ya 5 na pini ya 2. Usomaji unaofaa ni kati ya volti 4.75 na 5.25. Boksi lenyewe usilifungue, lina umeme wa ukutani.

Jicho_Kavu

Samahanini, lakini mimi nina shaka na kisa hiki. Mleta mada alituandikia kwamba taa inawaka na skrini ni nyeusi, kana kwamba ameiwasha leo, kumbe PLA ilikuwa tayari imekatwa nusu. Hana picha hata moja, na namba 38911 mtu yeyote anaweza kuiokota mtandaoni. Watu wazima wanatumia muda wao hapa kumsaidia, na ni haki yao kujua kama kompyuta hiyo ipo.

Kaseti_na_Diski

Hata mimi nimeanza kujiuliza.

Fundi_Mkongwe

Tusimhukumu mtu kwa kukosa picha. Mwenye mashine atajulikana kwa vipimo vyake.

Beziki_Mpya

Nilieleza hali ilivyokuwa kabla ya kukata, na sikuona kwamba ukataji unabadilisha swali. Kwa anayetilia shaka: chipu za kumbukumbu kwenye bodi yangu ni 8, U9 hadi U12 na U21 hadi U24, na VIC-II imo ndani ya kisanduku cha bati ambacho ulimi wa kifuniko chake una mafuta meupe ya kupitisha joto, yamekauka na kupasuka. Nimepima sasa hivi. Pini ya 5 na ya 2 zinasoma volti 6.4. Pini ya 6 na ya 7 zinatoa mkondo geu kama kawaida.

Jicho_Kavu

Volti 6.4 zinaelezea kila kitu. Nakubali mashine ipo.

Mama_Saketi

Pawa saplai hiyo isiguse kompyuta tena. Tafuta mpya iliyoundwa kwa ajili ya mashine hii. Kisha tumia katriji ya majaribio ya Dead Test: haihitaji ROM za ndani (chipu zenye programu za kudumu) wala kumbukumbu nzima, na chipu ya kumbukumbu ikiwa mbovu skrini humeta kwa idadi inayokuonyesha ni ipi.

Beziki_Mpya

Hata hivyo PLA mpya nitaiweka kwanza, kwa sababu bila PLA katriji hiyo haitafanya kazi.

Fundi_Mkongwe

Ni kweli, sasa huna njia nyingine. Malizia kukata upande wa pili, kisha kila kisiki cha mguu kiongezee risasi mpya kidogo, kipashe joto na ukivute kwa kibano bila nguvu. Safisha tundu kwa pampu, na kisiki kisipotoka usikilazimishe, kiongezee risasi tena. Weka soketi ya pini 28. Ukishawasha kwa umeme salama, pitisha kidole juu ya zile chipu 8: iliyoungua mara nyingi huwa ya moto kuliko wenzake. PLA yenyewe huwa na joto hata ikiwa nzima, kwa hiyo joto lake lisikutishe.