Naomba ushauri: kulala siku 60 kwa malipo

Habari zenu wakuu. Naishi Köln, Ujerumani, na nafikiria kujitolea kwenye utafiti wa kulala kitandani pale DLR (kituo cha Ujerumani cha utafiti wa anga), ule wa kuiga mwili wa mwanaanga unavyokuwa bila uzito. Wa 2019 ulikuwa wa siku 89 kwa euro 16,500. Siku 60 kati ya hizo ni kitandani tu, kichwa kikiwa chini kwa nyuzi 6. Kula, kuoga, hata haja, humo humo. Hela naitaka, sifichi. Daktari wangu kanieleza kuhusu misuli na mifupa kudhoofika, ila yeye mwenyewe hajawahi kulala hivyo. Aliyewahi kushiriki: ilikuchukua muda gani kutembea vizuri tena? Na malipo yanakatwa kodi?