Kutafuta nguvu: nibaki na pushapu na kujivuta au nihamie kwenye vyuma?

mzito_kiasi

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaojua haya mambo. Mimi shida yangu ni nguvu, mwili mkubwa wa kutunisha sina haja nao, nataka nguvu ile ya kuinama nikashika kitu kizito kikatoka chini. Mpaka sasa napiga tizi nyumbani tu bila kifaa, pushapu, skwati na kujivuta kwenye bomba. Pushapu nafika thelathini na kitu bila kupumzika, ila naona nimegota, namba inapanda lakini nikishika kitu kizito niko vilevile. Kuna jamaa anasema bila vyuma hupati nguvu, mwingine anasema vyuma vinaua mgongo na magoti nisithubutu. Nimsikilize nani?

fundi_wa_tizi

Mkuu jibu lako liko hapo hapo kwenye thelathini na kitu. Msuli haujui unasukuma chuma au sakafu, unachojua ni mzigo una uzito gani na umekaribia kushindwa kiasi gani basi. Pushapu ya kawaida mikono inabeba kama theluthi mbili ya uzito wako, kwahiyo mtu wa kilo 75 anasukuma kilo 48 mpaka 50 hivi, na hizo kilo ni zile zile leo, kesho na mwezi ujao. Ukitoka 30 ukafika 60 umejenga stamina, na stamina ni kitu kizuri sana, ila siyo ulichokuja kuuliza. Kwa nguvu tafuta zoezi ambalo ukilirudia mara ya tano au ya nane hivi unajua kabisa zimebaki mbili tu ukwame.

Sasa unaweza kuipata hiyo bila chuma. Weka miguu juu ya kiti, mzigo kwenye mikono unapanda unakaribia robo tatu ya uzito wako. Ikizoeleka vaa begi lenye vitu vizito, halafu anza kuegemea mkono mmoja huku wa pili unasaidia kidogo, unaenda hivyo mpaka pushapu ya mkono mmoja. Na kujivuta usikudharau hata kidogo maana pale unanyanyua karibu mwili wote. Waangalie wale wa jimnastiki kwenye pete, wananyoosha mikono pembeni kama msalaba na mwili unaning'inia hewani, ile ni nguvu kubwa mno na msingi wake ni uzito wa mwili wenyewe.

dada_wa_vyuma

Nakubaliana na fundi kwa sehemu ya juu, kifua mgongo mikono sawa. Ila miguu jamani!! Miguu inakubeba kutwa nzima, skwati za kawaida inazizoea haraka sana, utahamia skwati ya mguu mmoja na hapo wengi wanagota kwa sababu ya balansi na vifundo kukakamaa kabla hata misuli ya paja haijachoka. Na mleta mada kasema anataka kuinama anyanyue kitu kizito, hilo ni zoezi la dedilifti lenyewe kabisa, na hakuna zoezi la mwili mtupu linalofanana nalo kwa uzito. Nguvu ni ujuzi pia, wiki za mwanzo unapoona kilo zinapanda haraka, sehemu kubwa ni mishipa ya fahamu inajifunza kuamsha misuli mingi kwa pamoja, na inajifunza kwa zoezi unalolifanya. Ukizoea kusukuma sakafu utakuwa hodari wa kusukuma sakafu.

Halafu chuma kina raha yake, unaongeza kidogo kidogo. Fimbo ndefu ya chuma ya jimu, ile ya kuvishwa visahani vya uzito, kwa kawaida ni kilo 20, ukiweka visahani vya kilo 1.25 kila upande umeongeza 2.5 tu, mwili hata haushtuki. Kwenye mazoezi ya mwili kutoka hatua moja kwenda nyingine kuna korongo, leo pushapu rahisi kesho ya mkono mmoja inakushinda kabisa.

Hayo ya kuua mgongo siyakubali. Ukianza na uzito mdogo, mgongo umenyooka, ukaongeza taratibu, mzigo unaimarisha mpaka mifupa. Wanaoumia mara nyingi wanarukia kilo ambazo kano zao, yaani zile nyuzi zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, hazijawa tayari, kano zinakomaa polepole kuliko misuli na haziwezi kuharakishwa.

kamba_mbili

Mimi naongezea moja tu, usiache kujivuta hata ukihamia jimu. Wapo wanaoongeza kilo kwenye fimbo huku mwili nao unanenepa, wanashindwa kujiinua wenyewe. Kujivuta kutakuambia ukweli.

mzito_kiasi

Asanteni sana, nimeelewa. Vyuma naweza kuvipata siku mbili kwa wiki tu, sio zaidi. Inatosha? na nipange vipi

dada_wa_vyuma

Inatosha kabisa kwa anayeanza. Siku za vyuma weka skwati yenye mzigo, dedilifti, na kusukuma fimbo juu ya kichwa, seti tatu za mara tano basi, yaani unafanya mara tano mfululizo, unapumzika, unarudia hivyo mpaka zitimie tatu, ila dedilifti hata seti moja au mbili nzito zinatosha maana inachosha sana. Pumzika dakika tatu kati ya seti, usione aibu kukaa, ukiharakisha unarudi kwenye stamina. Siku moja nyingine nyumbani fanya zile pushapu ngumu za fundi na kujivuta. Kila seti acha moja au mbili ambazo ungeweza bado, usijimalize. Andika kilo zako kwenye daftari, na mwezi wa kwanza mtu mzoefu akuangalie mgongo kwenye dedilifti kabla hujaongeza chochote.

fundi_wa_tizi

Na ule vizuri mkuu, protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na usingizi usiukate.