Mjadala: Fedha za utafiti ziende kwenye leza za kuelekeza data, au tusubiri?

Mwalimu wa Mitandao, Dodoma

Ndugu zangu, hoja hii imetugawa sisi tunaofundisha na kufanya kazi za mtandao hapa mjini, bora tuijadili wazi. Fedha za umma za utafiti, zile zinazopitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwenye mfuko wake wa MTUSATE na zile za bajeti za vyuo, je, sehemu yake iende kwenye maabara ya leza za semikondakta? Yaani vijana wetu wajifunze kuielekeza data na kuihifadhi kwa mwanga wenyewe, bila kuugeuza umeme njiani. Wenzangu wengine wanasema hiyo ni anasa, maana kuna vijiji vya Bahi na Chamwino ambako mtu bado anautafuta mtandao juu ya kilima.

Mimi nasema iende. Ila iende kwenye meza za kujifunzia na kupimia, siyo kwenye kununua mitambo ambayo wauzaji wanaisifia kuwa ni ya mwanga mtupu.

Kwa asiyeifahamu kazi yenyewe: data ikitoka Dar inasafiri kwenye faiba ikiwa mwanga. Ikifika kwenye ruta, mwanga unageuzwa umeme, chipu inasoma anwani ya kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inaiweka pakiti kwenye kumbukumbu ingoje zamu yake, kisha leza nyingine inaitoa tena ikiwa mwanga kuelekea Singida au Iringa. Kugeuza na kurudisha huko kunakula umeme na kunatoa joto. Ndiyo maana viyoyozi vya vyumba vya mitambo havizimwi usiku wala mchana. Wanachotafuta watafiti ni mwanga uuelekeze mwanga, hatua ya umeme irukwe.

Na nisiwapoteze: hili halitafanya ukurasa ufunguke haraka zaidi kwenye simu yako. Mwanga ndani ya faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo Dar hadi Dodoma, kama kilomita 450, ni milisekunde 2 na kidogo. Hapo hakuna cha kupunguza. Faida iko kwenye umeme, na kwenye wingi wa data unaoweza kupita.

Fundi Faiba, Nzuguni

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, mimi napinga. Kazi yangu ni kuunga faiba, na adui zangu nawajua: greda la barabara, moto wa nyasi, panya, na mtu aliyechimba msingi bila kuuliza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchi nzima. Hakuna aliyelalamika siku ile kwamba ruta zinakula umeme mwingi. Tulilalamika kwamba njia ni chache. Shilingi ikipatikana, iongezwe njia ya pili, na sisi mafundi tupewe OTDR za kutosha, zile mashine za kutafuta faiba imekatika wapi. Kwa sasa timu tatu zinagombania mashine moja.

Mwanafunzi, Ng'ong'ona

Shikamooni wakubwa. Kaka Fundi, njia ya pili naiunga mkono kabisa. Lakini tukumbuke jinsi mambo haya yanavyokuja. TAT-8, kebo ya kwanza ya faiba kuvuka Atlantiki, ilipowashwa mwaka 1988, chini ya bahari ilikuwa na vituo vya kuugeuza mwanga kuwa umeme na kuurudisha. Wakati huohuo kikuza mwanga cha erbiamu, kifaa cha kuutia mwanga nguvu bila kuugeuza umeme, kilichoonyeshwa kule Southampton mwaka 1987, kilikuwa bado kitu cha maabara. Haikupita miaka kumi, nyaya za baharini zikawa zinakuza mwanga ukiwa mwanga. Leo hakuna anayekiita anasa. Na Google walieleza mwaka 2022 kwamba ndani ya vituo vyao vya data wanatumia vioo vidogo vinavyogeuka kuelekeza mwanga moja kwa moja. Kwa hiyo jambo hili limeshaanza kutumika, sisi ndio tunalisikia kwa mbali.

Mstaafu, Area D

Marahaba, mwanangu. Mifano yako ni ya kweli ila umechanganya mambo. Kukuza mwanga ni jambo moja, kuuelekeza ni la pili, na kuukumbuka ni la tatu. Vioo vya Google havisomi anwani ya pakiti. Vinapangwa na kompyuta ya umeme na huchukua milisekunde kadhaa kugeuka. Vinafaa kubadilisha njia nzima, siyo kupanga pakiti moja moja.

Ugumu wenyewe uko kwenye kumbukumbu. Mwanga hausimami. Mwaka 2004 watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, walionyesha kumbukumbu ya leza mbili za duara, kila moja upana wa mikromita 16. Zimeunganishwa hivi kwamba ile inayotawala inaikandamiza mwenzake. Ukipenyeza mpigo mfupi wa mwanga, utawala unahama. Hali moja ni sifuri, nyingine ni moja. Kuhama kulichukua pikosekunde 20, yaani sehemu 20 za trilioni za sekunde, kwa nishati ndogo mno ya femtojuli 5.5. Kazi nzuri mno, naivulia kofia.

Sasa fanya hesabu. Biti moja, yaani sifuri au moja hiyo, ilichukua eneo la mikromita 18 kwa 40, yaani mikromita mraba 720. Seli ya kumbukumbu ya umeme kwenye chipu za leo haifikii hata sehemu ya kumi ya mikromita mraba. Pakiti ya kawaida ya baiti 1,500 ni biti 12,000. Kwa leza mbili kila biti, ni leza 24,000, zikiwaka muda wote, kwa ajili ya kuishika pakiti moja tu! Ukiogopa hilo, unaizungusha pakiti kwenye faiba: kwa gigabiti 100 kwa sekunde inachukua nanosekunde 120, ambazo ni mita 24 za faiba. Lakini ukishaiingiza humo huwezi kuisimamisha wala kuiita kabla ya wakati wake. Ruta kubwa hushika pakiti nyingi mno kwa wakati mmoja, mtazifungia wapi faiba hizo? Mwaka 2010 David Miller wa Stanford aliandika wazi kwamba swichi ya mwanga haitoshi kuwa na kasi tu: ni lazima itoke na nguvu ya kuendesha nyingine mbele yake, na irekebishe ishara iliyochafuka. Wengi wanaruka hapo.

Mwalimu wa Mitandao, Dodoma

Mzee, asante. Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka kijana wa mwaka wa tatu aweze kuipiga mwenyewe, mbele ya muuzaji. Nchi isiyo na watu wa kuipiga itauziwa chochote. Nami naongeza kwamba uwanja haukusimama mwaka 2004: mwaka 2012 watafiti wa kampuni ya simu ya NTT ya Japani walionyesha kumbukumbu ya mwanga inayoshikilia biti kwa takriban nanowati 30. Ile haikuwa leza, ilikuwa vijumba vidogo vya kunasa mwanga ndani ya semikondakta. Bado ni mbali na ruta, lakini mwelekeo unaonekana.

Sababu yangu kubwa ni joto letu. Leza za mawasiliano huhama urefu wa wimbi, yaani rangi ya mwanga wake, takriban nanomita 0.1 kwa kila digrii moja ya selsiasi. Mikondo ya mwanga kwenye faiba moja mara nyingi hupangwa kwa nafasi ya nanomita 0.8. Kibanda kisicho na kiyoyozi kikipanda digrii 8, leza isiyodhibitiwa imeshaingia kwenye mkondo wa jirani. Na leza moja kuitawala nyingine kunategemea mawimbi yao yakaribiane sana. Sasa nani atapima jinsi vitu hivi vinavyokaa kwenye kibanda cha Manyoni mwezi wa Oktoba, umeme ukipanda na kushuka? Hilo ni swali la utafiti lililoko mlangoni petu, na haliwahusu sana watu wa Eindhoven.

Ndugu Fundi, OTDR unayoililia ni leza ya semikondakta. Inatuma mpigo, inahesabu muda wa mwangwi, nanosekunde 10 kwa kila mita. Meza ninayoiomba ina leza za mawasiliano na vidhibiti vya joto lake na umeme wake, vigawanya mwanga, bunda la faiba na osiloskopu, mashine ya kuonyesha umbo la ishara. Hapo vijana watajifunza kuuingiza mwanga wa leza moja ndani ya nyingine, na hapohapo watajifunza kuzikagua mashine zako. Kiwanda cha chipu sijakiomba.

Fundi Faiba, Nzuguni

Mwalimu, kama maabara hiyo itafunguliwa kwa mafundi jioni, siyo kwa wenye digrii tu, upinzani wangu unapungua. Lakini njia ya pili itangulie kwenye bajeti. Hapo sirudi nyuma.

Mwanafunzi, Ng'ong'ona

Kwani lazima kimoja kingoje kingine? Meza moja kama hiyo ukiilinganisha na kilomita za faiba, gharama yake ni ndogo sana.

Fundi Faiba, Nzuguni

Basi leteni mchanganuo wa bei hapa, tuuone.