Land Rover 110: nichukue ya mwaka gani kati ya hizi tatu? (niko Mwanza)

Jaruba

Habari za jioni wakuu.

Niko Buhongwa hapa Mwanza. Nina majaruba ya mpunga ndani huko Misungwi, kilomita kama 14 kutoka lami, na hizo 14 ndizo zinazonitoa jasho. Wanaozijua mbuga zetu hawahitaji maelezo: kiangazi ardhi inapasuka mpaka ndala inazama kwenye ufa, mvua ikinyesha mara moja tu udongo mweusi unanasa kwenye tairi hadi gurudumu linakuwa donge. Masika iliyopita Probox yangu ililala huko siku nne. Ilitolewa na ng'ombe wa jirani, jozi mbili, bampa la mbele likabaki jarubani. Mama watoto akasema safari ijayo nibaki mimi, gari lirudi.

Nimeamua kutafuta Land Rover 110, hizi za zamani. Bajeti ni milioni 28, na humo humo zitoke hela za matengenezo ya mwanzo. Nimeona tatu, na kila dalali ana mwaka wake anaousifia.

Ya kwanza ni ya 1992, injini ya 200Tdi, ilikuwa ya misheni moja upande wa Sengerema. Imepauka kama shati la kuchungia, viti vimechanika, breki za nyuma bado za ngoma, ila ukigusa ufunguo inawaka. Milioni 17. Ya pili iko Nyakato, injini ya 300Tdi, kadi inasema 1998, imepigwa rangi mpya ya kijani hadi uvunguni. Milioni 26. Ya tatu ni ya 2003, injini ya Td5, ilinunuliwa kwenye mnada wa magari ya mradi, kiyoyozi kinafanya kazi. Muuzaji anataka 24 na wimbo wake ni mmoja: "hii haina mkanda wa taimingi, utakuja kunishukuru."

Moyo uko kwa ya pili. Mnasemaje?

Gia_Nzito

Moyo ukishachagua ushauri wa nini tena? Chukua ya kijani.

Mwana_Mwaloni

Jibane uongeze hela mkuu, chukua mkonga wa Toyota, Land Cruiser, wenye injini ya 1HZ. Silinda sita, haina turbo, haina haraka, haifi.

Jaruba

Niliulizia miwili. Wa bei ndogo ulikuwa milioni 52 na mlango wa nyuma umefungwa kwa waya. Nirudisheni kwenye Land Rover tafadhali.

Spana_19

Mimi ni fundi, nipo Igoma, haya magari nayashika tangu nikiwa namshikia mjomba tochi. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Tuanze na hilo neno "mwaka". Kwenye 110 injini ndiyo inayokwambia uko mwaka gani. Zilikuja na springi za koili 1983. Kabla ya hapo ni zile za springi za majani, kina 109 za wazee wetu. 1990 ikawekwa 200Tdi, na jina Defender likaanzia hapo. 1994 ikaja 300Tdi. Mwishoni mwa 1998 Td5. 2007 ile yenye injini ya Ford tunayoiita Puma, hiyo kwa bajeti yako tuipungie mkono tu. Januari 2016 kiwanda cha Solihull, Uingereza, kikafunga hesabu.

Sasa mtego. Nje ya Ulaya 300Tdi iliendelea kuuzwa hata baada ya Td5 kutoka, maana kuna wateja waliotaka kitu kinachotengenezeka porini. Kwa hiyo ukikuta 300Tdi ya 2001 usikimbilie kusema kadi ni feki. Na kinyume chake kipo: gari la zamani limevalishwa mwaka wa mbele, iwe kwa kukosea au kwa makusudi. Mwamuzi ni namba ya chesisi. Ina herufi na tarakimu 17, inaanza na SALLD. Hesabu hadi ya kumi. K ni 1993, L 1994, M 1995, T 1996, V 1997, W 1998, X 1999. Inayofuata huwa A, ndiyo Solihull. Isome kwenye chesisi yenyewe, upande wa kulia mbele. Nenda na brashi ya waya. Kibati cha kule kwenye injini kinashikwa na ribiti tu, usikitegemee peke yake.

Injini sasa. 200Tdi ina nguvu farasi 107, 300Tdi 111. Hizo nne hutazisikia, utakachosikia ni kelele kupungua. Zote mbili pampu ya dizeli ni ya kimakenika, na waya wa umeme unaohitajika ili injini iendelee kuzunguka ni mmoja, ule wa kuzimia. Niliwahi kumtoa mtu Ngudu saa mbili usiku kwa waya wa spika ya redio, nimeuvuta moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye pampu. Alifika nyumbani hivyo hivyo, na kuzima alizima kwa kuuchomoa.

Ugonjwa wa 300Tdi ni mkanda wa taimingi, ule wa mpira unaofanya vali zifunguke kwa wakati wake. Za miaka ya mwanzo puli zake hazikukaa vizuri kwenye mstari, mkanda unakwenda upande na kuliwa kingo. Kiwanda kilitoa puli zilizorekebishwa. Zilizofungiwa hizo hazina neno. Mkanda ukikatika, rodi za kusukumia vali zinapinda, na hapo ndipo gari la milioni 26 linaanza kuuzwa kwa milioni 12.

Utajuaje bila kufungua? Chini ya kava la mbele la injini kuna tundu dogo lenye nyuzi za skrubu. Liliwekwa ili uzibe kwa plagi ukivuka maji. Zima injini, ingiza kidole. Kikitoka na unga mweusi wa mpira, mkanda unaliwa. Kikitoka na oili, sili imechoka.

Td5 muuzaji hajakudanganya, ina cheni. Ila nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, zinaongozwa na kompyuta na pampu iko ndani ya tangi. Waya za nozeli zinapita juu ya hedi, ndani, kwenye oili. Zikizeeka, oili inatambaa ndani ya waya kidogo kidogo mpaka kwenye kompyuta iliyo chini ya kiti. Mwombe muuzaji uchomoe ile plagi nyekundu, uifute kwa tishu, uitazame tishu.

Lamadi_Kwetu

Spana umeua Td5 za watu mchana kweupe. Ninayo ya 2002, napeleka wageni geti la Ndabaka na kurudi. Hiyo waya ni kipuri cha kubadilisha kabla chai haijapoa. Nilibadilisha, nikasafisha plagi, huu mwaka wa nne. Farasi 122, tena inavuta kuanzia chini. Mlima wowote hizo Tdi zenu naziona kwenye kioo cha nyuma.

Ila niseme ukweli: mashine ya kupimia kompyuta ya gari natembea nayo, na dizeli naweka kituo kimoja tu. Jaruba, wewe shambani dizeli unapata wapi?

Jaruba

Kwenye dumu. Kijana analeta na bodaboda.

Lamadi_Kwetu

Basi achana nayo.

Binti_Raskazone

Mnabishana injini wakati gari linabebwa na chesisi. Mimi mzaliwa wa Tanga, nimeolewa huku Mwanza. Kaka yangu kule nyumbani alinunua 110 yenye injini safi kabisa, ikakatika karibu na tangi kama muwa. Chumvi ya bahari hiyo. Ziwa letu hili halina chumvi, ndiyo maana chesisi za huku zinadumu, lakini gari lililobeba samaki lina historia nyingine: maji ya barafu yanachuruzika kwenye boriti ya nyuma kila siku ya Mungu.

Na hiyo rangi hadi uvunguni, kaka Jaruba, nani anapaka uvungu rangi bila sababu?

Nenda na nyundo ndogo na sumaku. Bodi nyingi ni aluminiamu, sumaku haitashika, usishtuke. Lakini ule ukuta wa mbele unaobeba kioo na bawaba za milango ni chuma. Sumaku isiposhika pale, ujue umeshika puti. Kisha lala chini ugonge: boriti ya nyuma, sehemu ya tangi, na ile mikono inayotoka pembeni kushikilia bodi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama boga.

Jaruba

Nimeelewa dada. Jumamosi naenda Nyakato na nyundo kama mganga na vifaa vyake.

Jaruba

Wakuu, nimerudi Nyakato. Nawapa kama ilivyokuwa.

Muuzaji ni mzee mstaarabu, alinipa hadi mkeka wa kulalia. Nilikwangua rangi pale kwenye chesisi: SALLD, nikahesabu kwa kidole, ya kumi ni M. Yaani 1995, si 1998. Namba yote inalingana na kadi, mwaka tu ndio umepishana. Mzee alishangaa kuliko mimi, akasema naye aliuziwa kama ya 1998, na akaenda ndani kutafuta miwani ili ahesabu mwenyewe.

Sumaku ilishika vizuri. Nyundo nayo ikaenda vizuri hadi boriti ya nyuma upande wa kushoto. Boga. Nikagonga tena, boga, na vipande vya rangi vikaniangukia machoni. Hapo mzee akakiri lilikuwa linaleta samaki kutoka Igombe, na rangi walipaka ili kuua harufu. Harufu imekufa kweli, hilo nampa.

Kidole kilitoka cheusi mpaka kwenye ukucha.

Spana_19

1995 ndiyo hizo za puli za zamani. Halikimbiwi kwa hilo, linashushwa bei. Puli na mkanda ni kazi ya siku moja. Boriti ya nyuma ndiyo kazi: kukata, kupata mpya au kuchonga, kuchomelea bila kuunguza waya na tangi. Akikupa kwa 19 zungumza. Kwa 26, mwamkie umuage.

Sasa niambie, lile lililopauka mbona hakuna anayeliuliza?

Gia_Nzito

Kwa sababu limepauka.

Binti_Raskazone

Uso wa gari hauli hela, kaka.

Jaruba

Kweli nililipita haraka. Niliona viti nikakata tamaa. Jumatatu navuka kwenda Sengerema.

Jaruba

Nimevuka daraja la Kigongo–Busisi asubuhi, dakika chache tu, enzi za kivuko ningekuwa bado kwenye foleni nakula mahindi ya kuchoma.

Chesisi: inalia yote. Nimegonga hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Ukuta wa mbele una kutu ndogo kona ya kioo kulia, ukubwa wa sarafu. Kidole: kikavu, vumbi la kawaida tu. Nilisukuma ile fimbo ya gia ndogo kushoto kufunga difu ya kati, ili ekseli za mbele na nyuma zivute pamoja, taa ikawaka kwenye dashibodi, nikaifungua ikazima. Gia ya pili inagoma asubuhi injini ikiwa baridi, baada ya kilomita tano ikalainika.

Lakini kilichonimaliza ni daftari. Lile la shule, la kurasa 96, jalada limeshonwa kwa uzi wa kushonea viatu. Kila oili iliyomwagwa imeandikwa: tarehe, kilomita, nani kafanya. Mkanda wa taimingi umebadilishwa kila kilomita 60,000 na kila mara ule wa zamani umebandikwa kipande kwenye ukurasa. Miaka ishirini na zaidi, mwandiko mmoja mpaka mwishoni, kisha mwandiko wa mtu mwingine unaanza, mbaya zaidi, lakini nao hauruki.

Hiyo gia ya pili ndiyo inanitisha.

Spana_19

Ni tabia ya gia boksi za LT77, zilizokuja na 200Tdi. Ikilainika ikipata joto usiiguse, anza na ya kwanza taratibu, mwaga oili yake uweke mpya. Ingekwaruza hata ikiwa ya moto ndipo ungehesabu hela.

Breki za ngoma zirekebishwe kabla hujapakia gunia hata moja. Springi za nyuma ziangaliwe. Viti shona Mlango Mmoja pale, watakutengenezea turubai. Milioni kumi na moja inayobaki usiimalize yote, weka pembeni ya klachi na turbo.

Lamadi_Kwetu

Anayebandika mkanda wa zamani kwenye daftari, gari lake hata mimi na Td5 yangu ningelinunua.

Jaruba

Tumemalizana 16 na laki tatu. Daftari wamenipa. Mama watoto kaliona, kazunguka mara mbili, kauliza pesa iliyobaki iko wapi ili nalo lipakwe rangi. Nimemwambia bado.

Swali dogo Spana. Ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwenye lile daftari nimekuta plagi mbili za shaba zenye nyuzi. Ndizo zile za kuvukia maji?

Spana_19

Ndizo. Moja ya kava la mbele, nyingine chini ya nyumba ya klachi. Zifunge siku ya kuvuka tu, ukifika ng'ambo uzitoe. Ukizisahau mahali pake, siku sili ikichoka oili itakosa pa kutokea, mkanda utaogelea na klachi itateleza, nawe hutaona hata tone chini.

Jaruba

Nimezitia kwenye pete ya funguo.