Pampu ya pawa stelingi inavuja, trekta MF 240 ya kukatia nyasi

mfugaji_muheza:
Wakuu habari za jioni. Nina MF 240, injini ya Perkins silinda 3, kazi yake kubwa kuvuta slesha nakata nyasi za ng'ombe. Wiki ya pili sasa pampu ya stelingi inavuja, asubuhi najaza oili (natumia ile nyekundu), nikishakata kama ekari 3 usukani unaanza kuwa mgumu na pampu inalia kila nikigeuza mwisho wa mstari, nikifungua kifuniko oili imeshuka halafu ina povu. Pampu yote imelowa, sielewi inatokea wapi. Fundi wa hapa kijijini kasema imekufa ninunue nyingine, bei aliyotaja ni ya ndama mzima. Kabla sijauza ndama naomba ushauri.

dere_wa_mkonge:
Ndama abaki zizini kwanza. Pampu ikishalowa yote hakuna anayejua inavujia wapi, huyo fundi kabahatisha tu. Zima, iache ipoe, toa makapi yote (makapi yenye oili karibu na ekzosi ni moto huo), osha kwa dizeli na brashi, futa mpaka ikauke, halafu nyunyiza unga wa chaki, hata sembe sawa. Washa ikiwa silensa (injini inaunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta), mtu azungushe usukani kushoto kulia, wewe mulika tochi uone unga unapoanzia kulowa. Paipu ya presha usipapase kwa mkono, ule mchirizi unaingia kwenye nyama kama sindano, pitisha kipande cha boksi.

fundi_trekta:
Naongezea. Kwenye hizo Perkins pampu inazungushwa na gia za taiming, mkanda hakuna, na kopo la oili limefungwa kwenye pampu yenyewe. Sili ya shafti ikifa mara nyingi huoni tone chini, oili inaingia kwenye injini, kwahiyo chomoa dipstiki, ukikuta oili ya injini imepanda bila kuongeza basi jibu ni hilo. Futa pia kwa karatasi nyeupe, ikitoka nyeusi hiyo ni ya injini, gasketi ya nyuma ya pampu. Ikiwa nyekundu angalia oringi ya kopo (ule mpira wa duara unaoziba) na washa za kopa za paipu. Povu na kelele ni kwasababu oili imepungua inanyonya hewa, haimaanishi pampu imekufa. Na asije mtu akakwambia weka oili ya breki, inaharibu sili zote.

mfugaji_muheza:
Mrejesho. Dipstiki iko sawa, karatasi nyekundu. Unga ulilowa pale kopo linapokutana na pampu, kufungua oringi imekauka ikavunjika mkononi kama chapati ya jana. Nimeweka mpya, nimejaza, nimekata tangu asubuhi pakavu kabisa. Ila nikikata kona mpaka mwisho bado inalia kidogo, tatizo?

fundi_trekta:
Hiyo ni valvu ya presha inafunguka, kawaida. Usiushikilie usukani mwisho, ukifika rudisha kidogo, ukikomaa nao pale oili inachemka na oringi yako mpya itakauka tena. Kama hujatoa hewa, zungusha mwisho kwa mwisho mara 5 au 6 ikiwa silensa kisha angalia kipimo tena. Bolti ya kopo umekaza kiasi lakini? Ile ukikaza kwa hasira kopo linapinda.

mfugaji_muheza:
Kiasi mkuu, kwa spana fupi.