DS Lite: nyimbo zinapiga, video zinagoma

Wakuu habari, nimeweka MoonShell (programu ya kupiga nyimbo na video) kwenye DS Lite yangu, ile gemu ya mkononi ya Nintendo, nyimbo za MP3 zinapiga fresh ila video za MP4 hata hazifunguki, nagusa jina la faili kimya, tatizo ni memori kadi au mimi ndo nimekosea?

bonyezaA: Kadi haina shida mkuu. MoonShell haichezi MP4, lazima uigeuze iwe DPG (aina ya faili la video la DS) kwanza kwenye kompyuta, ndani yake ni MPEG-1, mfumo wa kizamani wa kubana video, maana prosesa kubwa ya DS ni MHz 67 tu, MP4 itaiwezea wapi. Na skrini ni pikseli 256 kwa 192 kwa hiyo usihangaike na HD, unajaza kadi bure.

mzee_wa_faili: Fremu (picha zinazopita kwenye video) nazo usizidishe, weka kama 20 kwa sekunde. Mimi nililazimisha 30 picha ikawa inakwamakwama, mtu anafumbua mdomo maneno yashapita kitambo 😂

Asanteni, nimegeuza moja imekubali! Sasa nikifunika DS wimbo unakata?

bonyezaA: Haukati, chomeka earphone tu, skrini ndo zinazima.