Yaya mpya, mtoto wa miezi 5: nimwachie lini?

Yaya anaanza Jumatatu. Akae na mtoto peke yake kuanzia siku gani?

— Kutwa nzima, si wiki ya kwanza. Siku 3 fanyeni pamoja, ya 4 toka kwa saa moja, kisha nusu siku. Zote zilipwe, majaribio ya bure hufukuza yaya wazuri.

— Mwangalie anavyomlaza: chali, godoro lisilobonyea, bila mto. Maziwa ya kopo: maji kwanza, ndipo unga, kijiko kisawazishwe. Kuzidisha maji ili kopo lidumu humnyima mtoto lishe. Yanayobaki kwenye chupa yamwagwe.

— Na muandikiane: saa, mapumziko, mshahara, notisi. Kufua nguo za nyumba nzima kusipotajwa, ugomvi huanzia hapo.